Dobi Katika Nchi ya Upeo Zaidi

Sikwenda kule kutembea. Mimi ni dobi, na dobi akifunga duka wiki nzima kwa ajili ya matembezi, kuna watu watakwenda harusini na nguo za kulalia. Nilikwenda kurudisha kengele.

Niliinunua kwa mchuuzi aliyeniapia kwa mama yake kwamba italia nusu saa kabla ya mvua, nipate muda wa kuanua nguo. Ilikuwa nzuri ya kutazama, na sikatai kwamba ililia kila mvua iliponyesha. Ila ililia watu wakiwa wamekwisha kulowa. Mara ya kwanza nilikuwa na mashuka kumi na manane ya nyumba ya wageni kambani. Mara ya pili, kanzu ya Ijumaa ya imamu wetu. Mara ya tatu sikungoja kuona ni nguo za nani. Nilitia kengele guniani, nikatia shati na kikoi katika mkoba wangu wa ngozi ya mbuzi, nikaenda kuitafuta nchi inakotengenezwa. Safari yenyewe sitaisimulia. Ilikuwa vumbi tupu, na kila niliyemuuliza aliniambia nimekaribia.

Mpakani palikuwa na bango: KARIBU UPEO ZAIDI. Chini ya rangi yake bado ungeweza kusoma UPEO, na chini ya hilo KENGELENI. Karani wa mpakani alinieleza kwamba nchi hubadilishwa jina kila mambo yanapokwenda mrama.

"Hili lina muda gani?" nikamuuliza.

"Wiki sita," akasema, akilitazama bango kwa wasiwasi. "Tunashukuru."

Kisha akauona mkoba wangu, akafunga mlango.

"Hiyo ngozi ya nini, bwana?"

"Ya mbuzi."

"Sema polepole." Akaniletea mfuko wa plastiki, akautumbukiza mkoba ndani, akaufunga na kuupiga mhuri. Kwa sauti ya chini akanifahamisha kwamba nchi yao imevuka Zama za Mbuzi, na kwamba ni kosa kumtaja, kumfuga au kumvaa mnyama huyo. Kumla kunaruhusiwa siku za wageni, lakini kwenye orodha ya chakula huandikwa "nyama laini". Sikuelewa, wala sikujali. Mimi nilikuja kwa habari ya mashuka.

Nikapelekwa kwenye jumba kubwa la ofisi, kwa Bi. Hidaya, ambaye cheo chake ni Msimamizi wa Furaha, na ndiye anayepokea malalamiko. Alivaa blauzi ya hariri iliyopigwa pasi na mtu asiyejua hariri. Nikaweka kengele mezani.

"Hii inalia baada ya mvua," nikasema.

"Hapana, Bwana Dobi," akanijibu kwa upole. "Mvua imewahi."

"Kengele imechelewa."

"Mvua imewahi. Ndivyo tunavyosema hapa. Ni sheria ya mwaka juzi."

"Mashuka kumi na manane, bibi. Yalikuwa yamebaki dakika kumi yakauke."

Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Tunasikitika sana kwa kuwahi kwa mvua," akasema, na machozi yakamlengalenga kweli. Baadaye nilikuja kujua kwamba machozi yale ni sehemu ya kazi, na kwamba aliyekuwa akiishika kazi hiyo kabla yake aliondolewa kwa kuwa na macho makavu.

Nikamwambia sitaki pole, nataka fundi. Hapo akasita. Katika jumba lile palikuwa na watu mia na ushei. Kumi na mmoja walihesabu kengele, tisa walichagua rangi zake, kumi na wanne waliwaeleza wateja habari za mvua, na sita walishughulika na mandazi ya bure tu. Mandazi hayo yalikuwa fahari ya nchi. Zamani, niliambiwa, andazi moja lilijaza kiganja. Siku niliyofika mimi lilikuwa kama kifungo cha koti, na wale watu sita kazi yao ilikuwa kuandika matangazo ya kueleza faida za andazi dogo. Lakini mtu anayejua tumbo la kengele alikuwa amebaki mmoja tu.

"Wengine wako wapi?"

"Wamehitimu," akasema Bi. Hidaya.

Fundi huyo nilimkuta chini ya ngazi, maana viti vya jumba lile huhamishwa kila baada ya miezi mitatu, na yeye kila uhamisho ulimpeleka mahali penye giza zaidi. Jina lake Sikudhani. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mkimya, amechomeka bisibisi kwenye kilemba chake mahali wenzake wanapochomeka kalamu. Hakunipa pole. Aliifungua kengele yangu, akachungulia, akaguna.

"Plastiki," akasema.

Akanionyesha. Ndani ya kengele mna ukanda mdogo, upana wa vidole viwili, unaoshikilia nyundo. Zamani ukanda huo ulikuwa wa ngozi ya mbuzi. Hewa ikianza kupata unyevu, ngozi hulegea yenyewe, nyundo huachiwa, kengele hulia, na mvua ingali mbali. Sasa humo ndani mlikuwa na ukanda wa plastiki ya buluu, na plastiki haina habari na unyevu. Nyundo ilibaki ikingoja kikombe kilichoko juu ya kengele kijae maji ya mvua yenyewe, ndipo uzito uiangushe.

"Ni nani aliyeleta ujinga huu?" nikauliza, maana mimi nikikasirika huwa sichagui maneno.

Sikudhani akatazama huku na huku. Kengele ya kwanza, akanieleza, waliitengeneza watu watano ndani ya banda la kuku, yeye mmoja wao. Ilipendwa mno. Wakaja Wajomba kutoka ng'ambo ya vilima, matajiri wanaoleta magunia ya mchele unaolisha nchi nzima. Siku moja Mjomba mmoja alisimama mlangoni akanusa, akasema, "Hapa pana harufu ya mbuzi." Mwanzilishi wa nchi, Bwana Zahoro, akaona aibu kubwa, na wiki ile ile ngozi zote zikatupwa. Baadaye ilijulikana kwamba Mjomba alikuwa na njaa tu, akiulizia chakula cha mchana. Lakini sheria ilikuwa imekwisha kupita, na sherehe ya plastiki ilikuwa imekwisha kufanywa.

"Na wewe umenyamaza?"

"Sijanyamaza, kaka. Nimeomba ruhusa ya kurudisha ukanda kila asubuhi, mwaka wa tatu huu." Akashusha sauti. "Kesho alasiri Wajomba wanakuja kwenye Maonyesho. Ile kengele kubwa italia mbele yao. Mimi sina ninalotaka tena hapa. Nataka niisikie mara moja tu ikilia kabla ya mvua, kama ile ya kwanza. Baada ya hapo wanihitimishe wakitaka. Ila ngozi yenyewe haipo katika nchi hii."

Nikauvunja mhuri wa mfuko wangu, nikautoa mkoba. Sikudhani aliushika mkanda wa mkoba kwa ncha za vidole. Nami niliona huruma, nikiri, ingawa nilikuja na hasira za kutosha watu wawili.

"Kata," nikamwambia.

"Mpaka nipate ruhusa. Kesho asubuhi mkutanoni."

Wakati ule ule mtu mmoja ghorofani alimimina chai yenye iliki, na jumba lote likanyamaza. Watu walisimama na karatasi mikononi, pua juu. Aliyemimina akapaza sauti kwamba ni chai tu, ni chai yake mwenyewe kutoka nyumbani, na ndipo minong'ono ikarudi. Nikamuuliza Sikudhani kulikoni. Akasema, "Keki za kuhitimu huwekwa iliki," akaendelea kufunga skrubu.

Sasa nieleze mkutano. Kila asubuhi raia wote wa Upeo Zaidi hukusanyika uwanjani na kusimama kwa mguu mmoja. Sheria hiyo ilitungwa ili mikutano iwe mifupi, kwa kuwa mtu aliyesimama hivyo hawezi kusema sana. Kilichotokea ni kwamba walizoea. Makarani wa nchi ile wana mapaja kama ya wapagazi, na mkutano huendelea mpaka jua la utosi. Kila mmoja husema mambo matatu: jana alifanya nini, leo atafanya nini, na nini kinamzuia. Wenzake humjibu kwa pamoja, "Asante kwa kutushirikisha," na hilo ndilo jibu pekee linaloruhusiwa.

"Jana nilihesabu kengele zilizorudishwa," akasema bwana mmoja mnene. "Leo nitazihesabu tena, maana zimeongezeka. Kinachonizuia ni mlango wa ghala. Kengele zimeuegemea kwa ndani, haufunguki."

"Asante kwa kutushirikisha."

"Jana tulihama viti," akasema mwingine. "Leo natafuta kiti changu. Kinachonizuia ni kwamba nimekiona, na amekikalia mkubwa wangu."

"Asante kwa kutushirikisha."

Zamu ya Sikudhani ilipofika jua lilikuwa limepanda na mguu wangu ulikuwa umekufa ganzi zamani. Akasema, "Jana niliomba ruhusa ya kurudisha ukanda. Leo naomba ruhusa ya kurudisha ukanda. Kinachonizuia ni ruhusa. Ila leo ngozi ninayo, ya mgeni huyu, na kazi ni ya dakika ishirini. Wajomba wanakuja saa tisa."

Ukapita mnong'ono. Bwana Zahoro, Mwanzilishi, akainua mkono. Alikuwa amevaa fulana nyeusi ambayo, niliambiwa, haibadilishi ili asipoteze muda wa kufikiri. Kwa jicho la kazi yangu, ilihitaji kulowekwa siku mbili.

"Tujadili," akasema. "Hapa ni nyumbani, kila mtu yuko huru."

Wakajadili. Mkuu wa rangi alisema wakirudisha ngozi watakuwa wamekiri kwamba plastiki ilikuwa kosa, na kama plastiki ilikuwa kosa, basi hata sherehe ya plastiki ilikuwa kosa, na yeye alicheza sana siku ile. Mwingine akashauri ngozi ipakwe buluu ifanane na plastiki. Wa tatu akauliza kama mbuzi anaweza kuitwa "mnyama wa awali", ili atumike bila kutajwa. Hilo lilipendwa mno, wakalijadili kwa muda mrefu, na watu wawili wakabishana kwa ukali kama kondoo naye ataingia humo. Mwishowe Bwana Zahoro akaunda kamati itakayoleta majibu baada ya miezi mitatu.

Hapo nilishindwa kuvumilia. "Jamani," nikasema, "mvua ni leo. Angalieni kule." Nikanyoosha kidole kwenye wingu lililokuwa likijikusanya nyuma ya vilima, na katika kunyoosha nikaweka mguu wa pili chini.

"Mguu, Bwana Dobi," akanikumbusha Bi. Hidaya.

Nilikuwa sijauinua vizuri ilipokuja harufu. Iliki, na siagi, na sukari iliyoungua kidogo pembeni. Hakuna aliyegeuka. Watu mia na ushei walitazama mbele, kila mmoja kwa mguu wake mmoja, wakiyumba kidogo, mpaka meza ya magurudumu ilipopita katikati yao na kusimama mbele ya Sikudhani. Juu ya keki palikuwa pameandikwa kwa krimu ya waridi: TUNAKUPENDA SIKUDHANI.

Bi. Hidaya akalia kwa ufundi mkubwa. Alisema nchi haimpotezi mtu, inaizawadia dunia. Wote wakapiga makofi, na niliona katika nyuso zao furaha ya kweli kabisa, furaha ya mtu aliyesoma jina kwenye keki na kukuta si lake. Bwana Zahoro akatangaza kwamba kwa kumhitimisha fundi wa mwisho nchi sasa imekuwa nyepesi, na chenye wepesi hupaa. Kazi ya ufundi alikabidhiwa Bi. Hidaya, na sheria ilitaka makabidhiano yamalizike kabla keki haijaisha kukatwa.

"Bisibisi inashikwa upande upi, dada?" akauliza.

Sikudhani akamwonyesha. Kisha akamgeukia Mwanzilishi, akasema kwa heshima zote, "Naomba nikae mpaka alasiri. Nataka tu kusikia."

Wakanong'onezana. Ikaonekana kwamba raia aliyehitimu si raia tena, bali ni mgeni, na mgeni ni lazima akaribishwe. Kwa hiyo mchana ule, kwa mara ya kwanza tangu banda la kuku, Sikudhani alipewa kiti chenye mto, mbele kabisa, na sahani ya nyama laini.

Wajomba walifika saa tisa, watano, wamevaa suti nyeupe za kitani ambazo ziliniuma roho nikifikiria kitakachozipata. Kengele kubwa ilining'inizwa katikati ya uwanja, kubwa kama tangi la maji. Hotuba zikaanza. Wingu nalo likafika, likajitandaza juu yetu.

Sikudhani alinusa hewa. "Ingelia sasa," akaniambia.

Haikulia. Tone la kwanza lilidondoka kwenye pua ya Bwana Zahoro, naye akaendelea kuhutubia. Mvua ikashuka. Nikasimama nikimbilie kibarazani, karani mmoja akanivuta shati, akanieleza kwamba ni kosa kukimbia mvua kabla kengele haijalia, kwa sababu ni kuonyesha huna imani nayo. Tukakaa. Sahani zikajaa maji na nyama laini ikaelea. Suti zile za kitani zikaanza kuonyesha zilichokuwa zikificha. Bendi ikapiga mpaka maji yakaingia kwenye tarumbeta.

Ndipo kikombe kilipojaa, nyundo ikaanguka, kengele ikalia. Ilikuwa na sauti nzuri, siwezi kuipunja. Papo hapo nchi nzima ikafungua miavuli.

Mjomba Mkubwa alikamua tai yake taratibu. "Imelia lini?" akauliza.

"Mvua imewahi, Mjomba," akasema Bwana Zahoro.

"Huwahi kila mara?"

"Kila mara, Mjomba."

Mjomba Mkubwa akafikiri. Nchi nzima ilibana pumzi chini ya miavuli, maana kila mtu alijua kwamba asipoleta mchele ni mwisho wao. "Basi kosa liko kwa mvua," akasema. "Irekebisheni. Nitawaletea magunia maradufu mfungue Wizara ya Mvua."

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ngurumo. Bi. Hidaya alilia tena, na safari hii nadhani hakuwa kazini. Mimi nilikasirika mpaka nikajikuta nacheka, na nilipomtazama Sikudhani nikaacha kucheka. Alikuwa ameipakata keki yake, krimu ikimtiririkia kwenye gauni, na jina lake lilikuwa limekwisha kufutika.

"Dada," nikamwambia, "nina uwanja, kamba mbili na msumari wa kutundikia kengele. Ngozi ni yangu. Twende."

Mpakani tulimkuta karani juu ya ngazi, anaandika MVUANI. Alituomba tushikilie kopo la rangi.

Nyumbani Sikudhani alichukua mkasi, akaushika juu ya mkanda wa mkoba wangu, akabaki hivyo.

"Unaniruhusu?"

"Kata, dada. Nimekwambia tangu kule."

"Naomba uniandikie."

Nikageuza risiti ya nguo za imamu, nikaandika nyuma yake, "Kata. Mimi Shaweji, dobi." Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye kilemba. Kazi ilichukua dakika ishirini, kama alivyosema.

Mvua, kwa vile ilikuwa inatakiwa, haikuja. Kila asubuhi nilimkuta uwanjani amesimama kwa mguu mmoja, akisema na kuku wa jirani: jana nilisubiri, leo nitasubiri, kinachonizuia ni jua. Nilimwambia aache, watu watasema dobi ameweka korongo. Akasema atajaribu, na kesho yake nikamkuta vilevile.

Siku ya tisa mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata kiwingu cha kusingizia, na mashuka yote ya nyumba ya wageni yalikuwa kambani. Kengele ikalia. Jirani yangu muuza mkaa akacheka, akauliza kama tumeipa kengele pombe. Mimi nikaanua. Nilianua kwa kasi ambayo sijaanua tangu ujana, na Sikudhani hakunisaidia hata shuka moja. Alisimama chini ya kengele, uso juu, mikono imening'inia, kama mtu anayesikiliza jina lake likiitwa kutoka mbali. Nilikuwa nakunja shuka la kumi na nane muuza mkaa alipoanza kukimbiza magunia yake ndani. Sikudhani alibaki nje analowa, analia na kucheka, nami nikamwacha.

Kesho yake nilitoka na beseni, nikamkuta uwanjani kwa mguu mmoja.

"Jana niliisikia," akasema. "Leo nitaanika. Kinachonizuia..."

Alitafuta kweli. Alitazama kengele, akatazama kamba, akanitazama mimi na beseni langu.

"Hakuna," akasema.

Nilijua kinachotakiwa kujibiwa, nikakaa kimya. Akashusha mguu, akaukanyaga mchanga mara mbili tatu kana kwamba anaujaribu, akaniuliza vibanio viko wapi.